Msitu wa Kutazama

Kwetu Turbo mti huwa na bei kabla haujakomaa. Mkalitusi bado mwembamba na tayari jirani anauliza: huu utatoa fito ama nguzo ya stima? Msitu wa kupandwa ulio kando yetu ulikuwa ukikipelekea mbao kiwanda cha karatasi cha Webuye, na kilipofungwa mwaka 2009 tuliombolezea kazi. Miti yenyewe hakuna aliyeitaja. Na sijawahi kulipishwa hata shilingi ili niutazame msitu.

Kwa hivyo safari ya mashua kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, ilinikoroga kichwa. Maji yalikuwa yanajaa. Nahodha akazima injini tusifukuze ndege, na abiria wakaanza kunong'ona kama wako kanisani. Mikoko pande zote, mizizi imesimama juu ya maji kama miguu ya kaa. Wenzangu wanapiga picha, mimi nahesabu: huu boriti, ule kuni, ule pale mkaa. Damu ya Turbo hiyo.

Nikamuuliza, "Mzee, hii miti hamuikati?"

"Zamani, mwanangu. Siku hizi ukionekana na panga watafutwa. Siku hizi twauza kutazama."

Hapo ndipo swali langu lilipo. Sisi wa mjini tunaamini, bila kufikiri sana, kwamba anayetazama ni mwema kuliko anayekata. Lakini nyumba za kale za Lamu zimeezekwa kwa boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti. Tunaenda kuzipiga picha pia, tena tunaziita urithi. Yaani aliyekata jana ni fundi, anayekata leo ni mhalifu?

Sisemi ukataji uachwe huru. Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, na mkoko ukiondolewa samaki wadogo hukosa pa kujificha, mawimbi nayo hula ufuo. Ninachouliza ni nani alilipia uamuzi huo. Si mimi mwenye darubini ya kuazima. Mapenzi yangu kwa mikoko hayaninyimi ugali. Nikirudi nyumbani napikia gesi.

Mfano ulio karibu na haki, kwa maoni yangu, uko Gazi, kaunti ya Kwale. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 hivi za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, na pesa zinaingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Wakaaji wenyewe wana sauti kuhusu matumizi yake. Bado kuna kitu kinaniwasha: mnunuzi wa ng'ambo anapata nafuu ya moyo, na pengine anaendelea na moshi wake, wakati mwenye panga ndiye aliyeambiwa aache. Lakini angalau hapo kuna risiti ya kuulizia.

Nauli ya mashua nililipa bila kubishana, bei ilikuwa sawa. Ningependa tu kujua ni kiasi gani chake kilimfikia yule mkata boriti aliyeweka panga chini, kama bado anaishi kando ya hori, na siku hizi anapikia nini.