Tabibu na Mwendo Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, suali hili lazungumzwa sana barazani: mtu ajitokezaye kuwafundisha watu mambo ya afya, akawaambia wale nini, waache nini na wanywe dawa gani, je, mwendo wake na tabia zake zatazamwa katika kuyapokea maneno yake? Wako wasemao: mcha Mungu hasemi uwongo, basi akitupa dawa twanywa. Na wako wasemao: dawa ni dawa, hata ikitoka mkononi mwa mlevi. Sisi twaona kila kundi limeshika nusu ya haki. Na nusu ya haki, katika mambo ya uhai wa watu, ni khatari.

Wanavyuoni wa Hadithi walikwisha kulipima jambo hili zamani. Hawakuikubali riwaya ya mtu mpaka zikutane kwake sifa mbili: uadilifu, yaani awe mkweli mwenye kumcha Mungu, na dhabti, yaani awe ni mwenye kulihifadhi sawasawa alilolisikia. Ikikosekana moja, riwaya yake hurudishwa. Imam Malik aliwakuta Madina wazee wema, wa kutarajiwa dua zao, wala hakupokea kwao Hadithi, kwa kuwa hawakuwa wajuzi wa fani ile. Hakuwavunjia heshima yao. Lakini wema ni kitu kimoja, na ujuzi ni kitu kingine.

Na tuitazame safari ya Hijra. Mtume s.a.w. na Abubakar walimkodi Abdallah bin Uraiqit awaongoze njia. Mtu huyu alikuwa angali katika dini ya makafiri wa Kikureshi, lakini alikuwa bingwa wa njia, nao walimwamini. Wakamkabidhi ngamia wao, wakaagana naye awafikie katika pango la Thaur baada ya siku tatu, naye akatimiza. Hapa palitazamwa ujuzi wake na uaminifu wake katika kazi ile. Na katika utabibu khasa, Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba ajitiaye utabibu naye hajulikani kuwa na ujuzi wake, basi yeye ni mdhamini wa madhara aletayo. Mcha Mungu hakutolewa katika hukumu hii.

Kisa cha Loliondo wengi wetu twakikumbuka. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alisema kwamba Mungu amemuotesha dawa ya mti ya kutibu ukimwi, sukari na maradhi mengine. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu. Watu walimiminika kutoka Tanzania na Kenya, magari yakapanga safu ya kilomita nyingi, na wagonjwa wengine wakafa kabla ya kukifikia kikombe. Kilichowavuta ni nini? Walimuona mzee mnyenyekevu, akaaye maisha ya kimaskini. Sisi hatusemi kwamba alikuwa mwongo. Yawezekana aliyaamini aliyoyasema. Lakini unyenyekevu wa mtoaji hauitii dawa nguvu isiyokuwa nayo, na ukimwi haukuondoka kwa kikombe kile.

Lakini asije mtu akafahamu kwamba mwendo wa tabibu haudhuru kitu. Wadhuru sana, khasa mahala pawili.

Kwanza, ayafanyapo maisha yake kuwa ndiyo hoja. Huko Australia, Belle Gibson alipata wafuasi wengi na mali kwa kudai kwamba ana saratani ya ubongo, na kwamba chakula alichokifundisha ndicho kimtengezacho. Mwaka 2015 alikiri kwamba hakupata kuwa na saratani, na mwaka 2017 mahakama ikamtoza dola 410,000 za huko. Huyu ushahidi wake ulikuwa ni maisha yake mwenyewe. Ulipobatilika ushahidi, yalibatilika na mafundisho.

Pili, iwapo mfuko wake umo ndani ya maneno yake. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield aliandika London, katika jarida kubwa la udaktari, maneno yaliyowatisha wazee wasiwachanje watoto wao surua. Baadaye ilidhihirika kwamba alipokea fedha za mawakili waliokuwa wakitaka kuwashitaki watengezaji wa chanjo ile, naye akaficha. Mwaka 2010 maandishi yake yalifutwa, na jina lake likaondolewa katika daftari ya madaktari. Huyu ilimu alikuwa nayo. Kilichokosekana ni amana.

Na yaliyo baina ya mtu na Mola wake, yasiyoingia katika kazi yake, hayo si yetu. Suratul Hujurat, ambayo ndani yake twaamrishwa tuichunguze khabari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, ndiyo hiyo hiyo inayotukataza kupelelezana. Basi khabari na ichunguzwe, na nyumba ya mtu isichunguliwe.

Ndugu zetu, leo simu zetu zimejaa wauza dawa wenye kanzu na vilemba. Msomaji akisoma aya mbili kisha akatoa chupa ya mafuta ya habasoda, mwulizeni: amejifunza utabibu wapi, na kwa nani? Ni wajuzi gani wengine walioyathibitisha asemayo? Na apata nini tukimfuata? Habasoda imesifiwa na Mtume s.a.w. wala hatuikanushi, lakini mgonjwa wa sukari asiyeishi ila kwa sindano ya insulini, akiiacha kwa ajili ya chupa hiyo, aweza kufa kwa siku chache. Kilemba si ijaza ya utabibu. Nasi tulio na vilemba ndio wa kwanza kupaswa kulisema hili mimbarini, kwani watu wadanganywa kwa vazi letu.

Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu yenye amana, na amana yenye ilimu. Amin.