Dhiki na Kifungo cha Wawili

Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii ni kweli, walakini aghalabu hutumiwa vibaya. Mtu akiachwa mara moja na mwenziwe siku ya shida, hukata hukumu kuwa urafiki ule ulikuwa uongo tangu awali. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Jaribu moja latosha kupima kifungo cha watu wawili?

Nenda kwa fikira, msomaji, mpaka Marikiti ya Mombasa, wakati wanunuzi wanapomiminika kutoka Barabara ya Digo. Tuwaze wauzaji wawili wa viungo wenye meza moja, wakipeana migongo: mmoja hutazama kushoto, wa pili kulia. Maadamu wateja hutoka pande zote mbili, ushirika wao hustawi, kwa kuwa kila mmoja huona asichokiona mwenziwe. Lakini umati ukija wote kwa upande mmoja, yule aliyeupa kisogo hana budi kugeuka au kuondoka, na ushirika huvunjika. Sasa watazame mahamali wawili wa mkokoteni, mmoja akivuta mbele, wa pili akisukuma nyuma. Nyuso zao zaelekea njia moja. Umati uliowatenga wauzaji hauwezi kuwatenga hawa kwa sababu ile ile.

Mfano huu una ndugu yake katika maumbile. Mwaka 1911, mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, akaona umeme ukipita bila kizuizi chochote. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza sababu: elektroni, ambazo kwa tabia husukumana, katika baridi hiyo hushikana mbili mbili. Kila elektroni ina usumaku wake mdogo, mfano wa sindano ya dira, na katika madini kama zebaki sindano za jozi huelekea kinyume. Sumaku kali huzitaka sindano zote zielekee upande mmoja, tena huzipinda elektroni katika mwendo wao, jozi huvunjika. Kwa hiyo ilionekana kuwa sumaku ni adui wa jozi daima.

Walakini mwaka 2019 wanasayansi waliofanya kazi Marekani walitangaza habari za mchanganyiko wa urani na teluri. Sumaku ilipoelekezwa kwa pembe maalumu na kuzidishwa nguvu, upitishaji ule mkamilifu ulitoweka, kisha ukarudi ilipovuka tesla 40. Nguvu hiyo ni zaidi ya mara milioni moja ya ile ya dunia, iongozayo dira ya nahodha atokaye Bandari ya Kale. Wataalamu wengi hudhani kuwa humo sindano za jozi huelekea njia moja, kama mahamali wetu. Uchunguzi ungali unaendelea.

Tusidanganyike. Elektroni hazina nia wala ahadi, na madini hayawezi kutufundisha wema. Lakini yaweza kutuonya juu ya kosa la fikira: kuona aina moja ya kifungo ikivunjika, tukasema vyote huvunjika hivyo, au kuona kifungo kimelegea katika shida moja, tukasema hakitasimama katika nyingine.

Rafiki aliyekukimbia katika umaskini huenda akakesha nawe katika ugonjwa. Aliyevumilia njaa pamoja nawe huenda akashindwa kuvumilia sifa zako. Hii si ruhusa ya kumkumbatia kila msaliti. Ni wajibu wa kuuliza kabla ya kuhukumu: shida ilitoka upande gani, na sisi wawili tulikuwa tumeelekea wapi?

Elektroni haichagui mwenziwe wala mwelekeo wake. Wewe wachagua. Urafiki wa kupeana migongo una faida nyingi siku za salama. Utie ndani yake lengo moja mnaloliendea pamoja. Ndipo methali ya wahenga itakapokuwa mizani ya haki mkononi mwako, wala si fimbo ya kumpigia mwenzio.