Kiasi cha Kuona: Uhisivu wa Kamera, Giza na Ushahidi

Kwa wapiga picha, ISO ni namba inayotaja uhisivu, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga unaoingia kupitia lenzi. Jina hilo ni la Shirika la Kimataifa la Viwango, ambalo mwaka 1974 liliunganisha vipimo viwili vya filamu, kile cha Wamarekani kilichoitwa ASA na kile cha Wajerumani kilichoitwa DIN. Na kanuni yake ni nyepesi, kwamba namba ikiongezeka maradufu, kutoka 100 hadi 200 au kutoka 3200 hadi 6400, nusu ya mwanga wa awali inatosha kutoa picha yenye weupe uleule. Kama mpiga picha anahitaji uhisivu mkubwa au mdogo huonekana kuwa swali la mafundi na la wenye fedha za kununulia mashine mpya. Hata hivyo, ndani yake mna swali lililoitangulia kamera kwa karne nyingi: je, kuona ni kupokea kile ambacho kitu kimekitoa, au ni kukidai kionekane hata pale ambapo hakijatoa chochote?

Jibu lolote lazima lianzie kwenye jambo ambalo wengi huliweka kinyume. Katika filamu, uhisivu ulikuwa mali ya mkanda wenyewe, kwa kuwa mkanda mwepesi ulikuwa na chembe kubwa zaidi za madini ya fedha, na chembe hizo zilionekana kwenye picha kama mchanga. Kamera ya kidijitali haina mkanda. Ina kihisi, yaani kipande kilichojaa vijumba vidogo vinavyohesabu mwanga, na kihisi hicho hakibadiliki hata kidogo mpigaji anapozungusha kitufe cha ISO. Kinachobadilika ni kiwango cha kukuzwa kwa ishara baada ya mwanga kupokewa, kama spika ya msikitini ambayo ikiongezwa sauti huikuza kauli ya imamu pamoja na mvumo wa nyaya, wala haimfanyi imamu aseme neno ambalo hakulisema. Zile chenga zinazoharibu picha za usiku hazizaliwi na namba kubwa, bali na uhaba wa mwanga wenyewe, kwani mwanga huja kwa vipande visivyogawanyika viitwavyo fotoni, navyo hunyesha bila mpangilio kamili; na kanuni ya fizikia ni kwamba mtawanyiko wa hesabu hiyo ni sawa na kipeuo cha pili cha idadi yake, hivyo kijumba kilichopokea fotoni 10,000 hukosea kwa takriban 100 tu, ilhali kilichopokea 100 hukosea kwa 10, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya yote kilichonacho.

Maana ya jambo hili inaonekana vizuri katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Kuanzia Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, wavuvi wa dagaa huingia majini katika usiku wa giza, wakielea na taa, ambazo zamani zilikuwa karabai za mafuta na siku hizi ni za sola na betri, ili dagaa wajikusanye kwenye mwanga kabla ya nyavu kuvutwa. Na mbalamwezi inapokuwa kubwa kazi hulegea, kwa sababu mwanga uliotapakaa kila mahali hauwavuti samaki kwenda popote. Mpiga picha aliyesimama juu ya mawe ya ufukweni, kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu, akaweka ISO 100 na kuacha lenzi wazi kwa sekunde 30, atapata anga safi isiyo na chenga, lakini kila taa itakuwa imechora utepe, kwa kuwa mtumbwi hautulii juu ya maji. Apandishe ISO hadi 6400 bila kugusa tundu la lenzi, na muda unaotosha utashuka hadi takriban nusu sekunde: taa zitabaki nukta, lakini mwanga uliopokewa ni sehemu moja ya 64 ya ule wa kwanza, na uwiano wa ishara kwa chenga utakuwa umeshuka mara 8.

Ni ipi kati ya picha hizo mbili iliyo ya kweli? Wanaosifu uhisivu mdogo hujibu haraka kuwa ni ya kwanza, kwa sababu imepokea zaidi na kukuza kidogo. Jibu hilo lina haraka mno. Picha ya kwanza inasimulia nusu dakika nzima kana kwamba ni tazamo moja, na utepe wa taa ni kitu ambacho hakuna mvuvi aliyewahi kukiona; ya pili ni maskini wa mwanga, lakini taa yake iko pale ilipokuwa. Zote mbili zimetoa kitu ili kupata kingine, na aliyeamua ni mtumbwi, ambao haukukubali kusimama. Kwa hiyo hoja inayotetewa hapa ni kwamba hitaji la uhisivu mkubwa ni halali linapotoka kwa kinachopigwa picha, yaani mwendo wake, heshima yake au giza lake, na si halali linapotoka kwa haraka ya mpigaji ambaye angeweza kungoja, kusogea karibu au kuomba taa.

Historia ya ziwa hili inaonyesha upande wa pili wa uhaba. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alilifikia ziwa katika eneo la Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, na aliporudi Afrika Mashariki mwaka 1860 alifuatana na James Augustus Grant, aliyekuwa na kamera. Grant alipiga picha kadhaa Unguja kwa kutumia vioo vilivyopakwa kolodioni mbichi, dawa ambayo ililazimu kioo kipakwe, kitumike na kusafishwa kabla hakijakauka, ndani ya hema dogo la giza. Joto la hema hilo lilimshinda, na safari ikaendelea kwa michoro ya mkono. Uhisivu wa vioo vile ulikuwa mdogo kiasi kwamba kwa hesabu ya leo haufiki hata kumi, hivyo aliyetaka kupigwa picha alipaswa kutulia kwa sekunde nyingi, na sokoni asiyetulia alitoweka. Zaidi ya hayo, kolodioni iliitikia mwanga wa buluu na zambarau tu, ikaipuuza nyekundu na njano, na kwa sababu hiyo ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko jicho lilivyoiona. Uhisivu, basi, haujawahi kuwa kiasi tu. Umekuwa pia uchaguzi wa kipi kihisiwe.

Jambo hilo halikuisha na vioo. Filamu za rangi za karne ya 20 zilisawazishwa kwa kadi za majaribio zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na hata leo kipimo cha mwanga ndani ya kamera hukadiria kila kinachokiona kana kwamba wastani wake ni kijivu. Katika mkesha wa Pasaka, kama unavyoadhimishwa katika Kanisa Kuu la Epifania huko Bugando, Mwanza, na katika parokia zote, taa huzimwa, moto hubarikiwa nje, na mshumaa mmoja huingizwa katika jengo lenye giza. Kanzu nyeupe ya padre hurudisha mwanga mwingi, uso wa mwimbaji aliye kando yake hurudisha kidogo, na kipimo kikiitii kanzu, uso hupotea. Flashi ingetatua tatizo la hesabu na kuliharibu tendo lenyewe, kwa sababu giza lile limekusudiwa. Ni sehemu ya ibada kama ulivyo mshumaa. Hapa uhisivu mkubwa ni adabu, na chenga katika picha ni gharama ndogo ya kuwaacha waamini katika giza lao.

Ila wingi nao una kikomo chake. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu nafsi, alieleza kuwa hisi ni aina ya uwiano, na kwamba kinachohisiwa kikizidi mno nguvu huuvunja uwiano huo. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake Mishkat al-Anwar, akijenga hoja kuwa kitu kinaweza kufichika kwa ukali wa kudhihiri kwake, na kwamba mwanga usioondoka kamwe hautambuliki, kwa kuwa mambo hutambulikana kwa vinyume vyake; hoja yake ilimhusu Mungu, lakini dagaa walioanikwa mchangani saa sita mchana wanaithibitisha kwa namna yao. Kila kijumba cha kihisi kina ujazo wake, kikijaa hakipokei tena, na kupandisha ISO hukishusha kikomo hicho zaidi, kwani ishara iliyokuzwa hufika juu mapema. Magamba ya fedha yanageuka doa jeupe lisilo na umbo. Katika hali hiyo ISO 100 haibishaniwi, na wanaojisifu kwa kamera zenye uhisivu wa malaki hawana cha kufanya nao.

Swali gumu kuliko yote huja pale kamera inapolipita jicho. Mji wa Mwanza umekaa upande wa mashariki wa ghuba yake, hivyo jua huzama ng'ambo ya maji, na Waislamu wa huko, kama wa pwani yote, hutazama magharibi kuutafuta mwezi mwandamo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, ushahidi wa mtu mmoja mwadilifu aliyeuona mwezi unatosha kuanza Ramadhani. Sasa, tarehe 8 Julai 2013, siku ile ile ambayo wengi walikuwa wakisubiri hilali ya Ramadhani ya mwaka 1434 Hijria, mpiga picha wa anga wa Ufaransa, Thierry Legault, aliupiga picha mwezi saa 4:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, katika dakika yenyewe ya mwandamo wa kifalaki, ukiwa nyuzi 4.4 tu kutoka kwenye jua. Mwanafalaki André Danjon alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1930 kuwa chini ya takriban nyuzi 7 jicho haliwezi kuona hilali yoyote. Legault alitumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, akajumlisha picha nyingi hadi uzi mwembamba ukajitokeza.

Je, mwezi huo ulionekana? Ulikuwepo, na fotoni zake zilifika kwenye kihisi, kwa hiyo picha haidanganyi. Lakini sheria haikuulizia kuwepo kwa mwezi, ambako mahesabu yangekuthibitisha bila kamera. Iliulizia kuonekana, yaani kukutana kwa mwezi na jicho la mtu anayeweza kuapa. Taqi al-Din al-Subki, mwanazuoni wa Kishafii wa karne ya 14, alishikilia kuwa mahesabu yakionyesha kwa yakini kuwa mwezi haukuweza kuonekana, ushahidi wa anayedai ameuona hukataliwa. Msimamo wake unatumika pande zote mbili: unamzuia shahidi kudai zaidi ya uwezo wa jicho, na kwa kufuata mantiki hiyohiyo unaizuia kamera kujaza nafasi ya shahidi pale ambapo hakuna jicho lingeweza kuona. Uhisivu usio na mpaka, katika jambo hili, hauongezi ushahidi. Unaibadilisha ibada kuwa upimaji.

Siku hizi tatizo limeshuka kutoka kwenye darubini hadi mfukoni. Simu hupiga picha nyingi za usiku mfululizo na kuzijumlisha, njia ambayo ni halali kwa kuwa inakusanya fotoni za kweli. Lakini mwaka 2023 ulizuka mjadala kuhusu simu za Samsung, pale ilipoonyeshwa kuwa zikielekezwa kwenye picha ya mwezi iliyofifishwa makusudi huirudisha na mabonde ambayo hayakuwemo, na kampuni ikaeleza kuwa programu zake hutambua mwezi na kuongeza undani wake kwa mifano iliyojifunza. Mashine inayoujua mwezi kabla ya kuuona haihitaji hata fotoni moja kutoka anga la Ghuba ya Mwanza. Kadhi atakayeletewa simu yenye hilali hatafaidika kwa kuuliza ISO ilikuwa ngapi. Atalazimika kuuliza ni sehemu gani ya uzi ule ilitoka mbinguni na ni ipi ilitoka kiwandani, na kwa sasa aliyeishika simu hana njia ya kumjibu.