Uchafu wa Njiani ni Dhambi ya Nani?

Ndugu zetu Waislamu, leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, na haya hiyo ndiyo iliyolifanya likae miaka mingi bila ya kutengenezwa. Jambo lenyewe ni choo. Katika madarasa yetu mlango wa tohara hutangulia mlango wa sala, na mtoto hufundishwa istinja, na mguu upi hutangulia akiingia msalani na upi akitoka. Lakini ni nadra kumsikia mwalimu akiuliza: na asiyekuwa na msala, aingie wapi?

Tuutazame mtaa wa Kibera, Nairobi. Mtaa huo si mgeni kwa Waislamu. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na waliouanzisha mwanzo wa karne ya 20 ni askari Wanubi wa jeshi la Waingereza pamoja na jamaa zao. Leo wakaazi wake ni wa kila kabila na kila dini, na wengi ni wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Choo kimoja hutumiwa na nyumba nyingi, na usiku njia ya kukiendea huwa ni ya hatari, khasa kwa wanawake. Kwa hiyo ikazuka ile ada iliyoutangaza mtaa huo ulimwenguni: mtu kumaliza haja yake katika mfuko kisha akaurusha gizani, uangukie paa au mtaro wa jirani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017. Lakini sheria ya kuondoa mfuko haijengi choo.

Sasa twauliza: aliyeurusha mfuko ule, dhambi ni yake peke yake?

Hapana shaka kuwa kuwaudhi watu ni haramu. Mtume (s.a.w.) aliwakataza umati wake kujisaidia katika njia za watu, na katika vivuli wapumzikapo, na penye maji wanywapo. Lakini Mola wetu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Basi kabla ya kumhukumu mtu yatupasa tuupime uwezo wake.

Iko njia moja iliyosifiwa sana kwa watu wa mashamba. Ilianza Bangladesh karibu na mwaka 2000 kwa mkono wa Kamal Kar, mtaalamu wa Kihindi, na kuanzia 2007 ikaingia Kenya, ikafanyiwa kazi Kilifi, jirani zetu. Wanakijiji hukusanywa, wakatembezwa mpaka pale wanapojisaidia, wakaonyeshwa jinsi nzi atokavyo kwenye kinyesi akatua katika chakula. Hawapewi fedha wala saruji. Huachwa na haya yao na karaha yao, mpaka mmoja wao asimame na kusema: kesho nitachimba. Na penye mzee wa mtaa au imamu aliyetangulia kuchimba chake, wengine humfuata upesi.

Twaona kuwa njia hii ni nzuri kwa mwenye ardhi. Haya ni sehemu ya imani, na mtu wa shamba ana udongo na ana jembe. Akiona haya ataweza kutenda. Lakini mpangaji wa Kibera akitiwa haya, achimbe wapi? Chini ya kitanda chake? Kumwaibisha mtu kwa jambo asiloliweza ni kumdhulumu mara ya pili. Haya ile haikosi mwenyewe, ila yataka ipelekwe mlango mwingine.

Mlango wa kwanza ni wa mwenye nyumba. Kibera, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ni ya Serikali, mwenye mabanda husema aogopa kujenga choo cha kudumu kikaja kubomolewa. Udhuru huu una uzito kidogo. Lakini huko Kawangware viwanja vingi ni milki ya watu, na bado wako waliojaza vyumba mpaka ukutani, na choo wakakiachia pembe iliyobaki. Huyo hana udhuru. Achukuaye kodi kila mwezi amechukua na dhamana pamoja nayo.

Mlango wa pili ni wa viongozi. Shirika la Umande Trust, likishirikiana na vikundi vya wakaazi wa Kibera, limejenga vyoo vya jamii ambavyo kinyesi chake huingia katika shimo lililofungwa kikatoa gesi ya kupikia, na wenyeji ndio wanaoviendesha. Hiyo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini tufanye hisabu: choo cha kulipia kikiwa shilingi 5 kwa mara moja, watu sita wa nyumba moja, kila mmoja mara mbili kwa siku, ni shilingi 60, kwa mwezi ni 1,800. Maskini atachagua baina ya choo na unga. Basi uongozi si kujenga tu, bali ni kuhakikisha kuwa mtoto na mjane hawarudishwi mlangoni kwa kukosa shilingi tano. Na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, imeufanya usafi huu kuwa haki ya kila mtu, si hisani.

Mlango wa tatu ni wetu sisi. Misikiti yetu ina maji na vyoo. Twajua msikiti katika mji wetu ambao vyoo vyake hutiwa kufuli mara tu baada ya sala, kwa hoja kwamba wapitao watavichafua. Na nyuma ya ukuta wake huo huo ndipo watu wanapojisaidia. Twakhofu kuwa aliyetia kufuli na sisi tulionyamaza tuna fungu letu katika uchafu ule.

Wanazuoni wametufunza kuwa jambo la fardhi kifaya, wakilitenda baadhi, wote husalimika. Wakiliacha wote, wote wenye uwezo hupata dhambi. Wala asiseme mtu kuwa haya ni ya maskini. Kipindupindu kilipozuka Nairobi mwaka 2017 kiliwafikia hata waliokuwa katika mikutano ya hoteli kubwa.

Basi tuanze na kufuli letu. Aliye na ufunguo na afungue, na aliye na mali na amlipe wa kusafisha. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.