Tumaini si Kukunja Mikono

Taabu ikiingia nyumbani, wengi wetu husema, "Ni mapenzi ya Mungu," kisha hukunja mikono. Hilo silo tumaini. Mtakatifu Yosefina Bakhita alitekwa Darfur, Sudan, angali mtoto; akauzwa mara nyingi, akapigwa, akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Mwaka 1889, mjini Venezia, Italia, bibi aliyemmiliki alipotaka kumrudisha Sudan, alikataa. Mahakama ikatamka kwamba yu huru. Mwaka 1896 akaweka nadhiri za utawa. Waliomtesa aliwasamehe, lakini utumwani hakukubali kurudi. Basi nasi yatupasa kumkabidhi Mungu taabu tusizoweza kuziondoa. Zile tuwezazo kuziondoa, na tuinuke tuzikabili leo, huku tukisali.