Mtu na Nafasi Aliyopewa

Mtu mmoja huitwa majina mengi katika siku moja. Nyumbani ni baba, kazini ni karani, sokoni ni mnunuzi, msibani ni jirani. Kila jina lina desturi zake, na kila desturi ina madai yake. Hapana amlaumuye mtu kwa kuwa na majina haya, maana maisha ya pamoja hayawezekani bila ya kugawana kazi. Lakini liko swali lisilo budi kuulizwa: mtu akivua jina moja akavaa jingine, ni kitu gani kinachovuliwa pamoja na jina lile, na ni kitu gani kinachobaki mwilini mwake? Swali hili ni la kale. Siku hizi limepata kielelezo kipya katika michezo mirefu ya kuigiza itokayo India, ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki huitazama jioni kwenye televisheni.

Katika Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, michezo hiyo ina wapenzi wake kama ilivyo katika miji mingine ya nchi. Baadhi huonyeshwa kwa Kiingereza, na baadhi imetiwa sauti za Kiswahili. Hapo mtazamaji hukabiliwa na jambo la ajabu ambalo halimshangazi hata kidogo. Aonekanaye akilia ni Mhindi. Asikikaye akilia ni Mtanzania. Na yule ambaye msiba ni wake si huyu wala si yule, bali ni mtu wa hadithi asiyekuwako popote. Watu watatu wamefanywa mmoja, na machozi ya mtazamaji hayapungui. Lakini mtazamaji huyo huyo, siku atakapoona mchezaji amebadilishwa, atainuka kitini akisema, “Huyu siye!” Amekubali sauti ya kuazima, uso wa kuazima anaukataa. Yafaa kupima kama kukataa kwake kuna haki.

Mfano ulio mashuhuri sana ni mchezo uitwao Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, ulioanza kuonyeshwa India mwaka 2000 na kukoma mwaka 2008 baada ya sehemu zaidi ya 1,800. Mume katika hadithi hiyo ni Mihir, na mkewe ni Tulsi. Mihir wa kwanza alichezwa na Amar Upadhyay. Waandishi walipomfisha Mihir, watazamaji walilalamika kwa kishindo kikubwa, hata ikalazimu afufuliwe. Baadaye Upadhyay aliondoka. Nafasi ikashikwa kwa muda mfupi na Inder Kumar, kisha na Ronit Roy, aliyedumu nayo hadi mwisho. Tulsi naye, aliyekuwa akichezwa na Smriti Irani, alipewa uso wa Gautami Kapoor mwaka 2007, kabla ya Irani kurejea mwaka 2008. Nyuso zilikuja zikapita, lakini ndoa ya Mihir na Tulsi ilibaki ile ile. Watoto hawakumwuliza baba yao mpya alikotoka. Kila kiapo kilichotoka katika kinywa cha mchezaji wa kwanza kilimfunga wa tatu. Ahadi ni deni, wahenga wamesema. Na katika mchezo ule deni halikuwa la uso, lilikuwa la Mihir.

Katika mchezo huo huo liko tukio lililo kinyume cha hilo. Tulsi alikuwa na mwana aitwaye Ansh, mtu wa jeuri na udhalimu, na mama mwenyewe akampiga risasi akafa, kwa kuwa aliona haki ni kubwa kuliko uchungu wa uzazi. Ansh alichezwa na Akashdeep Saigal. Hadithi iliposonga mbele miaka mingi, Saigal alirudi, lakini si kwa jina la Ansh. Alirudi kwa jina la Eklavya, mwana wa Ansh. Uso ulikuwa ule ule uliochukiwa na mamilioni, na mtu alikuwa mwingine. Kumhukumu Eklavya kwa madhambi ya Ansh ingekuwa dhuluma, na kumhukumu Saigal kwa madhambi ya wote wawili ingekuwa dhuluma kubwa zaidi. Hakumpiga mtu wala hakumwonea mtu. Waliodhulumiwa na Ansh walikuwa wachezaji wenziwe, ambao kazi ya siku ilipokwisha walivua mavazi wakaenda makwao wazima.

Basi mchezo mmoja umetoa mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba ahadi hukaa na nafasi, hata anayeishika akibadilika. La pili ni kwamba mchezaji hadaiwi matendo ya nafasi aliyoicheza. Fundisho la kwanza ni kweli jukwaani na ni kweli duniani. La pili ni kweli jukwaani tu, na hatari kubwa ya maadili ni mtu kulibeba kutoka jukwaani akalitumia katika maisha.

Tunduma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, maana ni mji ulioishi kwa kubadilisha nafasi. Mpaka wake ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, ambayo yaliwaacha Wanyamwanga huku na huku, ndugu wa damu wakawa raia wa serikali mbili. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Mtu aweza kuwa mwenyeji asubuhi na mgeni adhuhuri, akauza kwa shilingi na kununua kwa kwacha. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, Tunduma ilipata mkuu mpya wa mkoa na makao mapya ya mkoa huko Vwawa. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa Tanzania na wa Zambia hufanya kazi bega kwa bega, hata ofisa akatumikia sheria za kwao akiwa amekaa katika ardhi ya wenziwe.

Katika mabadiliko hayo yote, fundisho la kwanza husimama imara. Chukuliwe mfano wa mjane aliyekuwa akidai haki ya kiwanja chake katika ofisi ya serikali. Muhuri ukibadilishwa na karani akahamishwa, mjane habadiliki, wala kiwanja hakihami. Karani mpya akimwambia, “Aliyekuahidi amekwisha ondoka,” amesema neno la kweli lisilo na uadilifu ndani yake. Amekubali kukalia kiti na kupokea mshahara wa kiti, lakini amekataa deni la kiti. Wachezaji watatu wa Mihir walikuwa waaminifu kuliko yeye, maana kila mmoja alipoivaa nafasi aliivaa pamoja na mke, watoto na viapo vyake.

Fundisho la pili, likivushwa kutoka jukwaani, huwa sumu. Chukuliwe tena mfano wa ofisa, mahali popote pale, aliyemzuia dereva wa lori siku tatu bila ya sababu, ila alitaka kupewa kitu mkononi. Miaka ikapita, akastaafu, akawa mzee wa heshima katika mtaa wake. Akikumbushwa husema, “Ilikuwa kazi tu, wakati ule nilikuwa ofisa.” Anataka msamaha wa mchezaji. Lakini mchezaji husamehewa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hapana aliyeumia. Dereva aliumia. Alilala barabarani kweli, na fedha aliyoitoa ilikuwa ada ya shule ya mtoto aliye hai. Cheo kilimpa ofisa uwezo wa kutenda. Hakikutenda kwa niaba yake. Alipokivua cheo, tendo lilibaki naye.

Huenda ikajibiwa kwamba hoja hii inamfunga mtu katika jana yake, na kwamba binadamu hana budi kuachiwa njia ya kuwa mwingine. Jibu hilo lina uzito. Mtu hubadilika, na jamii isiyoamini kuwa mtu hubadilika haina haja ya kufundisha wala ya kusamehe. Lakini kubadilika si kubadilishwa jina. Ansh alifishwa kwa kalamu, na kwa kalamu uso wake ukarudi safi katika Eklavya. Mwanadamu hana mwandishi wa kumfanyia hisani hiyo. Njia yake ni moja, nayo ni nzito: kulikiri tendo kuwa ni lake, kurudisha kinachoweza kurudishwa, na kutenda vingine pale atakapopata tena nafasi.

Ajabu ni kwamba jina la mchezo wenyewe limelisema jambo hili. Maana yake kwa Kiswahili ni kwamba mama mkwe naye aliwahi kuwa mkaza mwana. Hapo hapana mchezaji aliyebadilishwa. Mwanamke ni yule yule. Kilichobadilika ni kiti chake nyumbani. Alipokuwa mkaza mwana alijua uchungu wa kuamrishwa na kusimangwa. Sasa amri ni yake. Aweza kumtendea mke wa mwanawe kama alivyotendewa, aweza pia kukumbuka. Mithali yasema, mtenda akitendewa huona kaonewa; huyu alianza kwa kutendewa, na akisahau, uonevu alioupata utakuwa shule aliyosomea kuonea. Kinachomwunganisha mkaza mwana wa jana na mama mkwe wa leo ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ni wajibu, wala si majonzi tu.

Mwaka 2025 mchezo ule ulirudishwa kwa hadithi mpya. Smriti Irani, ambaye tangu mwaka 2014 hadi 2024 alikuwa waziri katika serikali ya India, alirudi kuwa Tulsi, na Amar Upadhyay akarudi kuwa Mihir. Upadhyay alirithi upya maisha ambayo kwa miaka mingi mwingine ndiye aliyeyaishi mbele ya watazamaji, na hakuna atakayemsikia Mihir akisema kwamba miaka ile haikuwa yake. Irani naye ana hesabu mbili zilizo mbali. Machozi ya Tulsi hayamdai kitu. Sahihi alizotia wizarani ni zake, na zitabaki zake hata akicheza Tulsi miaka mingine minane.