Kamera na Watu wa Nyumbani

Upigaji picha hugombana na maisha ya nyumbani kwa sababu vyote viwili hutaka saa zilezile. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu wima, hivyo mwanga laini wa jioni hudumu kama nusu saa tu. Nusu saa hiyo ndiyo ya kurudi kutoka kazini, kuwaogesha watoto na, mwezi wa Ramadhani, kufuturu. Mwanga hausubiri, wanaosubirishwa ni watu.

Gharama nazo zipo. Lenzi moja nzuri huweza kuzidi kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na mwenzi ambaye hakushirikishwa huiona kabatini kila siku. Kisha huja kazi ya kuchambua na kuhariri picha usiku, mwili uko sebuleni, akili haipo. Kwenye harusi za ukoo, mwenye kamera hula wa mwisho na albamuni hayumo. (Ndugu haohao waliomwita kila dakika apige picha ndio watakaolalamika kwamba hakukaa na wageni.)

Katika Afrika Mashariki mfano mzito wa ugomvi huu ni mpiga picha wa habari Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Picha zake za njaa ya Ethiopia, mwaka 1984, ziliamsha michango duniani kote. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono. Akavalishwa wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na kisiwa cha Ngazidja, Komoro. Miaka kumi baadaye mwanawe, Salim, alitoa filamu ya Mo & Me, kuhusu baba mashuhuri ambaye nyumbani alionekana kwa nadra. Kutokuwapo kwa Amin kulikuwa na utetezi: watu walipata chakula. Anayekimbizana na machweo kwa ajili ya Instagram hana utetezi huo.

Mapatano yanayodumu huwa madogo: jioni za kamera zijulikane mapema, na kifaa kipya kijadiliwe kabla ya kununuliwa. Wapo wanaowapiga picha watu wa nyumbani ili wawe pamoja nao. Hilo hufaa, ila mtoto akikataa asilazimishwe, na picha ya mke isiwekwe mtandaoni bila ridhaa yake. Na mara mojamoja kamera ishikwe na mwingine, hata picha zikitoka na ukungu, ili mpiga picha naye awemo.